Nyumba za Kampuni: Wageni na Wastaafu wa Kilembe na Kasese

Kabla ya reli kufika mwaka 1956, Kasese haikuwa mji. Ulikuwa uwanda wa nyasi na joto kali chini ya milima ya Rwenzori, karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambapo mtu wa milimani alishuka kwa shughuli maalumu kisha akarudi kwao kwenye ubaridi. Miaka michache baadaye palikuwa na Wakanada, Waingereza, Wahindi wenye maduka, Wakiga kutoka Kigezi, Wanyarwanda, Waluo kutoka Kenya na Wakongo waliovuka mpaka wa Mpondwe. Karibu wote walikuwa wageni, na karibu wote waliletwa na kitu kimoja, yaani shaba ya Kilembe. Wazungu wao waliondoka na hawakuacha hata kijimtaa cha wazee. Waliozeeka hapa ni wale ambao kampuni haikuwahi kuwawekea mpango wa kuzeeka. Ukitaka kujua sababu, fuata nyumba: nani alizijenga, nani alizimiliki, na nani alibaki ndani yake kampuni ilipokufa.

Kabla ya 1950: mlima, chumvi na mpaka

Wakonzo waliishi kwenye miteremko ya Rwenzori muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuiona theluji ya juu. Uwanda wa chini ulikuwa na biashara yake. Chumvi ya ziwa Katwe ilisafirishwa mbali sana, na ndiyo iliyomfanya Mwingereza Lugard ajenge ngome hapo mwaka 1891 alipokuwa akipita na jeshi lake. Mwaka 1910 wakoloni waligawana ardhi upya, na mto Lubiriha ukawa mpaka kati ya Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Wakonzo wa Bwera wakajikuta upande mmoja, ndugu zao Wanande upande wa pili, lugha na koo zikiwa zilezile. Mpaka huo haukuwahi kuwazuia kuoana wala kuuziana kahawa na samaki, ila uliwapa watawala wawili.

Mwaka 1906 mwanamfalme wa Kiitaliano, Duke wa Abruzzi, alikifikia kilele cha juu kabisa chenye mita 5,109, akakipa jina la malkia mama wa nchi yake, Margherita. Habari za shaba katika bonde la mto Nyamwamba zilianza kusikika tangu nyakati hizo. Kampuni ya Tanganyika Concessions ilichunguza miamba hiyo katika miaka ya 1920 na 1930, kisha ikaiacha. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na kutoka hapo hadi bandari ya Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Jiwe la Kilembe lina shaba kama asilimia 2 tu, na bila reli hesabu hiyo haitoki.

Miaka hiyohiyo lilitokea jambo jingine ambalo halikuhusu madini hata kidogo, lakini kwa maoni yangu ndilo lililoamua mengi. Jaji Morris Carter na wenzake katika kamati ya ardhi walitaka Uganda ifungue milango kwa walowezi kama Kenya. Wazungu kadhaa walishapanda kahawa Toro, kando ya Fort Portal, na wengine mpira huko Buganda. Bei za dunia zilipoporomoka mwaka 1920 na 1921, wengi wao walifilisika. Serikali ya kikoloni ikaona kwamba pamba na kahawa ya mkulima Mwafrika inalipa kodi bila kuhitaji mlowezi wa kubembelezwa, na mpango wa Carter ukafa. Tangu hapo Mzungu aliyekuja magharibi mwa Uganda alikuja na barua ya ajira: ofisa wa serikali, mmisionari au mtaalamu. Shamba la kumrithisha mwanawe hakuwa nalo.

1950 hadi 1956: kampuni, bwawa na reli

Vita Kuu ya Pili ilibadilisha hesabu. Ulaya iliyobomoka ilihitaji waya na mabomba, na bei ya shaba ikapanda. Mwaka 1950 ilianzishwa Kilembe Mines Limited, ikiongozwa na kampuni ya Kanada iitwayo Frobisher ambayo baadaye ilimezwa ndani ya Falconbridge, pia ya Kanada. Serikali ya Uganda iliingia kupitia shirika lake la maendeleo, UDC, lililoundwa mwaka 1952.

Mambo matatu yalilazimika kwenda pamoja. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi Aprili 1954, lilitoa umeme wa kuyeyushia shaba, na kwa sababu hiyo tanuri likajengwa Jinja. Reli ilisukumwa kutoka Kampala kuelekea magharibi, kilomita zaidi ya 300, ikivuka vinamasi vya mafunjo ambako udongo uliomwagwa mchana ulikuwa umezama kufikia asubuhi. Na kwa ajili ya Kilembe kikajengwa kituo kidogo cha umeme kwenye mto Mubuku, pamoja na kinu cha kusaga mawe. Mwaka 1956 vyote vilikuwa tayari, na treni ya kwanza ya shaba ikaondoka Kasese.

Kazi ya kinu inafaa kuelezwa, maana matokeo yake yamo mtoni hadi leo. Mawe yalilipuliwa ndani ya mlima, yakatolewa kwa mabehewa madogo, yakasagwa hadi kuwa unga. Unga huo ulichanganywa na maji na dawa, ukapuliziwa hewa, na chembe za shaba zikapanda juu pamoja na povu, likaenguliwa na kukaushwa. Povu la pili lilibeba madini ya chuma na kiberiti yenye kobalti ndani yake. Hayo hayakuwa na soko wakati ule, yakarundikwa Kasese. Makapi yaliyobaki yalimwagwa kwenye kingo za Nyamwamba, katika bonde jembamba ambalo halina mahali pengine pa kumwaga kitu.

1956 hadi 1970: bonde lenye ngazi

Kilembe iko kama kilomita 10 kutoka Kasese, ndani ya bonde, juu kidogo ya joto la uwanda. Kampuni ilijenga kila kitu: barabara, mabomba ya maji, hospitali, shule, maduka, klabu, hata uwanja wa gofu. Nyumba zilipangwa kwa cheo. Wahandisi na mameneja walipewa zile zenye bustani na vyumba vya watumishi. Wachimbaji walipangwa kambini, Kyanjuki, Katiri, Namuhuga na nyinginezo, kwa mistari ya vijumba vilivyogusana kuta, familia baada ya familia. Mkonzo wa mlimani aliyelala kwenye nyumba yake mwenyewe, karibu na migomba yake, hakuona haraka ya kuingia shimoni, na ndiyo maana kampuni ilileta watu kutoka mbali. Kambini Kiswahili kikawa lugha ya zamu, ya msimamizi na ya sokoni, kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine iliyowafaa Mluo, Mkiga na Mkongo kwa pamoja.

Kwa Wazungu yalikuwa maisha mazuri. Hospitali ya kampuni ilikuwa miongoni mwa bora katika eneo zima. Hifadhi ya wanyama ilikuwa mlangoni: ilifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kubadilishwa kuwa Queen Elizabeth mwaka 1954. Jumapili mtu angeweza kutazama viboko kwenye mlango wa maji wa Kazinga na kurudi nyumbani kabla ya giza. Lakini kila kitu kilifungwa kwenye mkataba. Nyumba ilikuwa ya kampuni, samani pia, na tiketi ya kurudi kwao ilikuwa imeandikwa kabla mtu hajafika. Siku ya kustaafu ilikuwa siku ya kukabidhi ufunguo.

Sheria hiyohiyo ilimhusu mchimbaji, ila yeye hakuwa na tiketi ya ndege. Alitegemewa kuchukua kiinua mgongo chake, kama kilikuwapo, na kurudi Kigezi, Nyanza au Rwanda. Wengi walikuwa wameshaoa hapa. Watoto wao walizaliwa katika hospitali ya mgodi na hawakuijua njia ya kwa babu.

Wenyeji nao waliyatazama hayo yote kutoka juu. Mwaka 1954 kijana Mwingereza, mwandishi wa habari Tom Stacey, alizunguka milimani akifuatana na mwalimu Isaya Mukirane, wakikusanya desturi na historia ya Wakonzo. Kutoka kwenye chama walichokianzisha ilizaliwa harakati ya Rwenzururu. Mwaka 1962, Uganda ikielekea uhuru, Wakonzo na majirani zao Waamba walikataa kuendelea kutawaliwa na ufalme wa Toro, na Mukirane akajitangaza kiongozi wa nchi yao. Waziri mkuu Obote alimwita Stacey mwaka 1963 akajaribu kusuluhisha, ikashindikana. Mukirane alifariki mwaka 1966 akiwa bado milimani. Shaba ilitoka katika mlima wao, mji ulikua miguuni pao, na katika ofisi za Toro hawakuwa na sauti. Hilo lilikuwa deni la haki, na watu walililipia kwa damu kwa miongo kadhaa.

Julai 1960: magari ya Wabelgiji Mpondwe

Upande wa pili wa Lubiriha mambo yalikuwa tofauti. Katika Kivu Wabelgiji walikuwa wamegawiwa mashamba: kahawa, chai na mboga, kwenye vilima vyenye hewa ya Ulaya. Hao walikuwa na nyumba zao wenyewe na walikusudia kuzeekea humo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye wanajeshi wa Force Publique waliwaasi maofisa wao Wazungu, na hofu ikasambaa haraka kuliko habari zenyewe. Wabelgiji wa Kivu na Ituri walikimbilia Uganda kwa maelfu, kupitia vituo vya mpaka wa magharibi, magari yakiwa yamejaa watoto na masanduku. Watu wa Bwera waliwaona waliokuwa mabwana jana wakiomba petroli leo.

Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba kumiliki nyumba peke yake hakutoshi. Mbelgiji alikuwa na hati, lakini hati ile ilisimama juu ya ardhi ya mwingine na ililindwa na bunduki ambayo sasa ilikuwa imegeuka.

Malindi, kwa kulinganisha

Ukitaka kuona mahali ambapo mgeni mzee alibaki, nenda Malindi, pwani ya Kenya. Katika ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, hati za ardhi zilianza kutolewa chini ya sheria ya mwaka 1908, na kiwanja cha ufukweni kingeweza kuuzwa kama bidhaa. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliostaafu jeshi na utumishi wa serikali walianza kununua na kujenga, na hoteli ya Lawford's ikafunguliwa. Baadaye, katika miaka ya 1960, Waitaliano walijenga kituo cha San Marco baharini, karibu na Malindi, na satelaiti yao ya kwanza kurushwa kutoka hapo iliruka Aprili 1967. Mafundi waliokuja kwa roketi waliwaambia ndugu zao kuhusu bahari, na mji ukajaa majumba ya makuti yenye wazee wa Kiitaliano wanaoongea Kiswahili cha sokoni. Hao wana hati mikononi, na gharama yake inajulikana kwa Wagiriama waliogeuzwa maskwota kwenye mashamba ya mababu zao.

Kilembe haikuwa na ufukwe, ni kweli. Lakini hewa yake ni nzuri, mandhari yake hayana mfano, na ziwa George na ziwa Edward yako karibu. Kilichokosekana ni kiwanja cha kununua. Mkanada aliyetumikia Kilembe miaka kumi na tano hakuwa na pa kubaki hata kama moyo wake ulikuwa umebaki.

1970 hadi 1982: ufunguo unakabidhiwa

Mei 1, 1970, Obote alitangaza katika uwanja wa Nakivubo, Kampala, kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya kampuni kubwa. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Katika Kasese maduka yaliyouza sukari, nguo na vipuri yalifungwa, kisha yakagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua mzigo unaagizwaje. Bidhaa zilipokwisha rafuni, zilikwisha moja kwa moja. Kabla ya mwaka kuisha, makampuni ya Waingereza nayo yalitaifishwa.

Mgodi uliendelea kwa nguvu ya waliobaki. Bei ya shaba ilifika kileleni mwaka 1974, kisha ikaanguka kwa zaidi ya nusu kabla ya mwaka kuisha, huku mafuta yakiwa ghali kupita wakati wowote uliotangulia. Vipuri vya mashine vilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zilielekezwa jeshini. Mwaka 1975 Falconbridge ilijiondoa na serikali ikachukua mgodi wote. Wataalamu wa mwisho wa kigeni walifunga masanduku. Wahandisi na mafundi wa Kiafrika waliurithi mgodi usio na vipuri, na waliuendesha kwa miaka kadhaa kwa ustadi ambao haujapata sifa unayostahili. Vita vya mwaka 1979 vilimwondoa Amin na kuacha nchi imechoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulisimama, baada ya kutoa takriban tani 270,000 za shaba.

Waliobaki

Kampuni yenyewe haikufa kabisa. Iligeuka kuwa mlinzi wa mali yake: ikauza umeme wa Mubuku, ikatunza pampu ili mashimo yasijae maji, na ikapangisha nyumba. Hapo ndipo wachimbaji wa zamani walipokuwa wapangaji wa vyumba walimokwisha kuishi kwa miaka ishirini. Kiinua mgongo kilichokuwa kikisubiriwa kiliyeyuka kwenye mfumuko wa bei. Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha, shilingi mpya moja kwa mia za zamani, na ikakata asilimia 30 juu yake. Mtu aliyekuwa na akiba ya kununulia mabati ya nyumba kwao alibaki na nauli.

Ukipita Kyanjuki utaona walivyojipanga. Kati ya mstari na mstari wa nyumba, mahali ambapo kampuni iliacha njia ya zimamoto, pamepandwa magimbi, sukuma na migomba mifupi. Madirisha ya chuma ya mwaka 1956 bado yapo, rangi imekwisha, vioo vingine vimezibwa kwa bati. Mbele ya mlango mmoja kuna jiko la mkaa, mbele ya mwingine cherehani. Wajukuu wanaongea Lhukonzo barabarani na Kiswahili au Rukiga ndani. Wazee hawa ni wageni kwa hesabu ya ukoo, lakini wao ndio wanaojua handaki gani liko chini ya nyumba ya nani.

Bwera iliwasaidia wengi. Soko la mpakani halikuhitaji kampuni. Kahawa, chumvi, samaki wa ziwa Edward, vitenge na mafuta ya mawese vilipita Mpondwe, na Kasindi upande wa Kongo, hata serikali mbili zilipogombana, na mtu aliyejifunza Kiswahili shimoni alikuwa na mtaji tayari. Novemba 13, 1996, waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na kuanzisha miaka ya hofu. Hifadhi ya Rwenzori ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001. Katika miaka hiyohiyo treni ya Kasese nayo ilikoma, na nyasi zikaota juu ya reli.

Yupo pia mwenyeji aliyekwenda kuwa mgeni kwingine. Charles Wesley Mumbere, mwana na mrithi wa Isaya Mukirane, alishuka milimani na watu wake mwaka 1982 na kukabidhi silaha. Mwaka 1984 alikwenda Marekani. Huko mfalme wa Rwenzururu alifanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee, zikiwemo za Pennsylvania, akiwaogesha na kuwalisha watu waliostaafu. Aliporudi mwaka 2009, serikali iliutambua ufalme wake tarehe 19 Oktoba. Novemba 2016 majeshi yalivamia kasri lake mjini Kasese na watu zaidi ya mia waliuawa. Yeye mwenyewe alikamatwa, akaruhusiwa kurudi Kasese mwezi Oktoba 2023.

Wageni wa mkataba mfupi, na mto

Tangu miaka ya 1990 wageni wamekuja tena, kila kundi kwa mkataba wake. Kampuni ya Kasese Cobalt ilitumia bakteria kuyala yale marundo ya kobalti, zaidi ya tani milioni 1, yaliyokuwa yakivuja tindikali kuelekea hifadhi na ziwa George. Kiwanda kilifanya kazi kuanzia 1999, kwa vipindi, mpaka 2013. Waongozaji wa wapanda mlima walifungua tena njia ya Kilembe, na sasa vijana wa Kikonzo wanabeba mizigo ya watalii kupita kambi za wazee wao. Mwaka 2013 kampuni ya Kichina ya Tibet Hima ilipewa mgodi kwa miaka 25. Serikali ikauvunja mkataba mwaka 2017.

Mwaka ule wa 2013, tarehe 1 Mei, Nyamwamba ulifurika. Maji yalishusha mawe makubwa kama magari, yakapita hospitalini na kwenye nyumba za mtoni, yakibeba makapi ya mgodi yaliyokuwa yamekaa kingoni tangu enzi za Wakanada. Mafuriko yalirudi mwaka uliofuata, na Mei 2020 yakaiharibu hospitali ya Kilembe kiasi cha kuhamisha wagonjwa. Nyumba zilizojengwa karibu na maji ndizo zilizokwenda kwanza, na humo ndimo walimokuwa wapangaji wa zamani, wastaafu na wajane wao. Wengi waliishia kwenye mahema Muhokya, kando ya barabara ya kwenda Bwera, wakisubiri serikali iwape kiwanja chenye hati.